Na mkate nao, wifi?

Jumapili iliyopita wifi yangu alipanda ngazi za kwetu Mabatini, jijini Mwanza, akafika akihema, akakaa kwenye jiwe la mbele ya mlango kabla hata ya kuingia ndani. Mwezi uliopita aliambiwa kwamba kinga ya mwili wake inaishambulia tezi yake ya shingoni. Kuna mtu amemtumia kwenye simu orodha ndefu ya vyakula vya kuacha, naye alikuja na swali moja tu. Hakuuliza nyama, hakuuliza maziwa. Aliuliza, "Na mkate nao, wifi?"

Nilimjibu pale pale, lakini jibu lilikuwa fupi mno kwa jambo lililonichukua miaka miwili kulielewa. Ndiyo maana leo naandika.

Mimi ni fundi cherehani, jirani na soko la Mlango Mmoja. Nina baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo, siyo ile tunayoisingizia kila goti linalouma wakati wa mvua. Kwangu ilianzia vidoleni. Siku niliyojua kwamba huu si uchovu wa kushona ilikuwa asubuhi ya shule. Mwanangu anasubiri slesi zake, mfuko wa mkate umefungwa fundo, na mimi siwezi kulifungua. Vidole vya kati vilikuwa vimevimba vinang'aa. Nikajaribu kwa meno, nikashindwa. Mtoto wa darasa la pili akauchukua ule mfuko, akaufungua, akanitolea slesi moja na kuniwekea kwenye sahani, kana kwamba mimi ndiye ninayewahi shule.

Sasa huo mlo wa kwenye orodha ya wifi. Watu huuita kwa herufi tu, AIP, kifupi cha Kiingereza cha "Autoimmune Protocol", yaani utaratibu wa chakula kwa wenye magonjwa ya kinga kushambulia mwili. Si mlo wa kupunguza mwili. Unatoa kwa mpigo vyakula vyote vinavyoshukiwa, unakaa wiki kadhaa, kisha unarudisha kimoja kimoja huku ukiangalia kipi kinaamsha maumivu. Vinavyotoka ni nafaka zote, jamii yote ya kunde, maziwa, mayai, korosho na mbegu, kahawa, pombe, sukari ya kiwandani, pamoja na ukoo mzima wa nyanya: nyanya yenyewe, nyanya chungu, biringanya, pilipili, hoho, viazi mviringo, hata mnavu. Vinavyobaki ni samaki, nyama, mboga nyingine za majani, matunda na vyakula vya mizizi. Chai ya rangi unaruhusiwa, na tangawizi yake.

Kwa hiyo mkate wa ngano hauingii. Na hapa wengi hujikwaa, maana hudhani adui ni gluteni peke yake, ile protini ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, inayoufanya unga uvutike. Wakisikia kuna mkate usio na gluteni wanaona wamepona. Lakini mkate huo mara nyingi hutengenezwa kwa unga wa mchele au wanga wa mahindi, na mayai mara nyingi yamo. Nafaka imetokea mlangoni ikaingilia dirishani. Mkate wa kumimina wa watu wa pwani, wa mchele na tui la nazi, hauna gluteni hata chembe, ila mchele ni nafaka, basi nao unasubiri nje. Vivyo hivyo uji wa ulezi na ugali wa mtama au wa dona. Ni hatua ngumu, lakini ina mwisho, na huo mwisho ndio ambao orodha za kwenye simu hazisemi. Orodha ya wifi ilikuwa na vyakula zaidi ya arobaini vya kuacha, na haikuwa na hata mstari mmoja wa namna ya kuvirudisha.

Haikusema pia jambo lililonigharimu mimi, nalo ndilo lililonifanya nimshike wifi mkono kabla hajaanza.

Mimi mkate niliuacha mwenyewe, bila kumwambia daktari. Nilisikia tu kwa watu kwamba ngano inawasha viungo. Tumbo langu, ambalo lilikuwa linajaa gesi kila jioni, likatulia, nami nikaona nimepata dawa. Miezi miwili baadaye kliniki wakaniona nina upungufu wa damu, wakasikia na habari za tumbo, wakaagiza nipimwe siliaki, ugonjwa ambao gluteni huifanya kinga ishambulie utumbo mwembamba. Damu ikapelekwa Dar es Salaam, majibu yakarudi safi. Daktari akaitazama karatasi, akanitazama na mimi, akauliza, "Mama, mkate unakula?" Nikamjibu kwa fahari kwamba nimeuacha miezi miwili sasa.

Akaweka kalamu chini. Akanieleza taratibu kwamba kipimo kile hutafuta kingamwili, yaani protini za kinga ambazo mwili wa mwenye siliaki huzitengeneza unapokutana na gluteni. Ukiiondoa gluteni, kingamwili hupungua, na karatasi inaweza kutoka safi hata kama ugonjwa umo. Ikabidi nirudi kula ngano kila siku, zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki sita kamili, kisha nipimwe upya. Nilikula slesi asubuhi na chapati jioni kama mtu anayemeza dozi, tumbo likarudi kujaa, usiku nalala kwa upande mmoja. Kipimo cha pili nacho kikatoka safi, na safari hii kilistahili kuaminiwa. Nililipa mara mbili kwa kutouliza mara moja.

Daktari hakukazania bure. Siliaki ndiyo ugonjwa wa kinga ambao hatia ya mkate imethibitika wazi. Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alikuwa ameanza kuishuku ngano kabla ya vita kuu ya pili. Ikaja njaa ya majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, mkate ukaadimika nchini kwao. Watoto wa siliaki walipata nafuu katikati ya njaa ile ile iliyowadhoofisha wengine, na mkate uliporudi wakaugua tena. Mwaka 1950 akawasilisha tasnifu yake juu ya jambo hilo. Mwenye siliaki haachi ngano kwa wiki sita, anaiacha maisha yote, na hata kisu kilichokata mkate wa mwenzake kinamhusu. Na mtu mwenye ugonjwa wa kinga kwenye tezi, kama wifi, ana uwezekano mkubwa wa kuwa na siliaki kuliko mtu asiye nao. Huwezi kuruka kipimo halafu ukajifariji kwa kuacha mkate.

Kwa magonjwa yetu mengine, mkate haujapatikana na hatia ya wazi namna hiyo. Mwaka 2017 ulichapishwa Marekani utafiti wa watu 15 wenye magonjwa ya uvimbe wa utumbo waliofuata mlo huu, na kufikia wiki ya sita 11 kati yao dalili zilikuwa zimetulia. Mwaka 2019 ukafuata wa wanawake 17 wenye tatizo la tezi kama la wifi. Walijisikia vizuri zaidi, ila vipimo vya tezi na kingamwili zake havikubadilika kwa kiasi cha maana. Katika tafiti zote mbili hapakuwa na kundi la kulinganisha. Kwa baridi yabisi upo utafiti wa Norwei wa mwaka 1991, na huu ulikuwa na kundi la kulinganisha. Wagonjwa walifunga kwa siku kadhaa, wakala vyakula vya mimea bila gluteni kwa miezi mitatu na nusu, kisha taratibu wakaanza kuongezewa vyakula vya maziwa. Walipata nafuu kuliko wenzao. Lakini pamoja na ngano zilikuwa zimetoka nyama, samaki na mayai, kwa hiyo huwezi kuunyooshea mkate kidole peke yake. Niliposoma hayo nikaona sina njia nyingine ila kujipima mwenyewe, safari hii daktari akijua, dawa zangu zikiendelea kama kawaida.

Mama yangu yuko Misungwi. Nilipomwambia kwenye simu kwamba naacha mkate kwa wiki sita, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kwani mkate umeujua ukiwa na miaka mingapi?"

Ni kweli. Utotoni kwangu mkate ulikuja na mjomba akitoka mjini, tukagawana slesi nusu nusu. Asubuhi zetu za kila siku zilikuwa michembe. Wiki ile ile mama akanitumia kiroba, nikakipokea stendi ya Nyegezi. Kwa asiyejua, michembe ni viazi vitamu vibichi vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya mawe hadi vikauke kabisa. Vikichemshwa kwanza ndipo vianikwe, hayo ni matobolwa. Unaviloweka kidogo, unavichemsha mpaka vilainike, na maji yake yanabaki matamu yenye rangi ya chai. Kiazi kitamu si ndugu wa kiazi mviringo, pamoja na kufanana jina. Kile cha chipsi ndicho cha ukoo wa nyanya, hiki chetu ni wa ukoo mwingine kabisa, na kinakubaliwa toka siku ya kwanza. Kilichoniuma ni karanga. Kwetu michembe huchemshwa na karanga zilizotwangwa, na karanga ni jamii ya kunde. Wiki sita nilikula michembe mitupu, na nasema kwa moyo wangu wote kwamba karanga nilizililia kuliko mkate.

Kiroba kilikuwa na mfuko wa udaga pia, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa. Muhogo ni mzizi, hauna gluteni, na ndio tegemeo kubwa la mtu wa mlo huu mahali popote duniani. Lakini hapa lazima niwe mkali kidogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, nayo huondoka kwa kuvundika au kuloweka siku kadhaa, kisha kukausha juani. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime, hapo mkoa jirani wa Mara, walipooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo. Njaa ilikuwa imewafanya wafupishe matayarisho ya muhogo, na kitoweo cha protini kilikuwa haba. Ukimsikia mtu wa ughaibuni anasifia unga wa muhogo kama kitu kipya cha afya, kumbuka kwamba bibi zetu walijua nusu ya pili ya habari hiyo. Nunua udaga kwa mtu anayekwambia aliuvundika siku ngapi, na ule na dagaa, kwa sababu protini ya samaki huusaidia mwili kuivunja sumu kidogo inayobaki.

Uliza pia kama umechanganywa. Sokoni unga wa muhogo wenye mahindi au mtama ndani ni jambo la kawaida, wala muuzaji hakudanganyi, ndivyo watu wanavyoupenda ugali wao. Na mashineni, kama aliyekutangulia amesaga mahindi, debe lako la kwanza litatoka na mahindi yake. Nilikuwa nawahi saa moja asubuhi, mashine ikiwa imetoka kufagiliwa.

Chapati za muhogo nilizikosea mara nne kabla ya kuzipata. Unga usio na gluteni haushikani. Ukiukanda kwa maji baridi unapasuka kama tope la mtoni wakati wa kiangazi. Kinachoushika ni wanga wake wenyewe ukiiva. Sasa namwagia maji yanayochemka kwenye robo ya unga, nakoroga haraka mpaka uvutike kama gundi, ndipo naweka viazi vitamu viwili vilivyopondwa vikiwa moto, chumvi, kijiko cha mafuta ya nazi, na unga uliobaki. Donge linakuwa laini, nalibonyeza kwa kiganja juu ya nailoni iliyopakwa mafuta. Mpini wa kusukumia sikuuhitaji, na vidole vyangu vilishukuru. Kwenye kikaango kikavu chapati inapata madoa ya kahawia na harufu ya kiazi kilichochomwa. Ile inakwenda vizuri mno na sato wa kuchoma aliyepakwa ndimu na tangawizi. Kwenye chai haiwi mkate, kwa sababu ukiichovya inakatika na kuzama.

Na shida kubwa ilikuwa kwenye chai hasa. Saa nne mama wa chai anapita dukani kwetu na ndoo ya maandazi, mafundi wote tunasimamisha cherehani. Kukataa andazi siku moja ni sawa. Ukikataa wiki nzima watu wanaanza kuuliza kama mna ugomvi. Nilimweleza mama wa chai kwa ukweli, nikamwonyesha vidole. Siku ya pili aliniletea viazi vitamu viwili vya kuchemsha, amevifunga kwenye kitambaa safi, na akakataa hela. Msibani ilikuwa ngumu zaidi, maana usiku wa matanga chai na slesi ndivyo vinavyopita, nami nilijifunza kubeba changu kwenye mkoba bila kutangaza.

Nilijipima namna hii. Nina futi ya kupimia wateja, basi kila asubuhi nilizungusha kwenye kifundo cha kidole cha kati cha mkono wa kulia, nikaandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa mwisho. Siku mbaya kabla ya mlo kilikuwa sentimita 6.8. Mwisho wa wiki ya sita, 6.3. Ule ugumu wa asubuhi, uliokuwa unachukua saa moja na nusu kabla sijaweza kutunga uzi kwenye sindano, ukashuka hadi kama dakika ishirini. Ningependa kukuambia kwamba ni mlo. Lakini mwezi ule ule daktari alikuwa ameniongezea dozi ya methotreksati, kile kidonge cha mara moja kwa wiki, na siwezi kuvitenganisha viwili hivyo kwa haki.

Kurudisha ndiko kulikonifundisha zaidi. Nilianza na kiini cha yai, zikaja karanga (niliimba jikoni siku ile), mchele, nyanya. Ngano niliiweka mwisho, na sikuirudisha kwa mkate wa dukani. Soma mfuko wake: ngano, sukari, mafuta, hamira, chumvi, kihifadhi, na mingine ina soya au maziwa. Ukiumwa baada ya slesi hiyo utamshika nani? Nilikanda chapati kavu ya ngano, maji na chumvi tu. Nikala kipande cha ukubwa wa kucha, nikasubiri robo saa, nikala robo ya chapati, nikasubiri tena, kisha nikaimaliza. Halafu sikugusa ngano kwa siku nne, nikitazama.

Kidole kilibaki 6.3 siku zote nne. Tumbo ndilo lililosema. Jioni ya kwanza likajaa kama zamani. Baada ya wiki mbili nikarudia, ikawa vile vile, kidole kimya, tumbo linalalamika. Mtaalamu wa lishe akanieleza kwamba ngano ina wanga mfupi uitwao fruktani, ambao kwa baadhi ya watu huchacha utumboni na kuleta gesi bila kinga ya mwili kuhusika hata kidogo, na kwamba vitunguu navyo vina fruktani hiyo hiyo. Nikakumbuka kachumbari za harusini. Sasa nakula chapati moja bila wasiwasi, mbili nikiwa tayari kulipa usiku, na viungo vyangu havina habari.

Kitu pekee ambacho daftari linakionyesha bila shaka ni wiki mbili za mwezi wa nane, nilipokwenda kijijini kwenye msiba wa shangazi nikasahau vidonge mjini. Chakula nilikula kile kile nilichozoea. Kidole kilifika 6.9.

Hayo nilimwonyesha wifi kwenye daftari lenyewe. Nikamwambia pia kwamba unga wa ngano wa viwanda vyetu huongezwa madini ya chuma na asidi ya foliki, kwa hiyo siku atakapouacha mkate, maini, dagaa na mboga za majani zisikosekane, na dawa yake ya tezi asiiguse. Nikamfungia michembe nusu kiroba. Akaniuliza aanze lini, nikamwambia si leo. Kipimo chake cha siliaki ni Alhamisi. Nikatia maji jikoni, mwanangu akafungua mfuko wa mkate, na wifi akala slesi tatu na chai ya maziwa pale pale kwenye jiwe.